Sanduku la Nyimbo Lenye Kioo cha Kugusa: Kulitengeneza na Kulitumia Darasani

Katika vipindi vya mbinu za kufundishia tumezoea kuwaambia wanachuo kwamba wimbo ni kifaa cha kufundishia sawa na chati, kadi za maneno au vihesabio. Usemi huo ni wa kweli, lakini mara nyingi huishia hapo hapo. Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha huanzisha nyimbo mbili au tatu alizozijua tangu utotoni, watoto huitikia na kupiga makofi, kisha somo lenyewe huanza, na wimbo hautajwi tena. Umekuwa dawa ya usingizi. Katika makala haya tunakusudia kueleza chombo kimoja kinachoweza kuubadilisha utaratibu huo: sanduku la nyimbo la kujitengenezea, ambalo mtoto hugusa picha kwenye kioo na kuusikia wimbo alioutaka. Tutaeleza jinsi linavyotengenezwa, ila yafaa ieleweke mapema kwamba kazi ya waya na mbao si ngumu. Yaliyo magumu ni mawili: nani atachagua, na ni nini kitakachotiwa ndani.

Fikra ya kuchagua wimbo kwenye mashine ni ya zamani. Tarehe 23 Novemba 1889, katika baa moja mjini San Francisco, Marekani, Louis Glass aliweka mashine ya sauti iliyofanya kazi kwa sarafu. Ilikuwa na mirija minne ya kusikilizia, na kila aliyetaka kusikia alitumbukiza sarafu yake na kutega sikio. Baadaye mashine za namna hiyo zilijengwa ziweze kubeba santuri nyingi, mteja akawa anabonyeza kitufe cha wimbo aupendao. Pwani yetu nayo iliingia mapema katika mambo ya santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake, na santuri hizo zikasikilizwa kwenye gramafoni na watu ambao hawakupata kumwona kwa macho. Kisha ikaja redio, ambayo iliwafikia wengi zaidi, lakini iliwanyang'anya wasikilizaji uwezo wa kuchagua na wa kurudia. Waandaaji wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 waliujua upungufu huo, ndiyo maana walipanga vikundi vya kusikiliza pamoja, vikiwa na kitabu na kiongozi, ili kipindi kikiisha mazungumzo yaanze. Mwalimu atumiaye chombo chochote cha sauti yampasa aukumbuke mpango ule, kwa kuwa somo lilikuwa katika mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa.

Hapa Msata, mahali ambapo barabara itokayo Bagamoyo hukutana na barabara kuu iendayo Segera, nyimbo husikika mchana kutwa. Mabasi huja nazo na kuondoka nazo. Kwenye vibanda kijana mwenye kompyuta humrushia mteja nyimbo kwenye flashi au memori kadi kwa malipo. Watoto wetu wanazijua nyimbo hizo neno kwa neno, nasi hatuoni sababu ya kuwalaumu. Linalotutia mashaka ni jingine. Mtoto wa Kikwere, wa Kizigua au wa Kidoe anayeweza kuimba nyimbo kumi za kituoni aghalabu hawezi kuimba hata mmoja ambao bibi yake aliuimba akitwanga, na sasa nafaka inapelekwa mashineni. Kazi iliyoubeba wimbo ikiondoka, wimbo hubaki kichwani mwa mzee, na mzee naye hakai milele.

Kweli, umbali wa kilomita 64 kutoka hapa, mjini Bagamoyo, kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mji huo huo ndiko alikoishi Hukwe Zawose, aliyeifikisha sauti ya Kigogo na zeze lake katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Zamani zaidi, mwaka 1950, Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine ya kurekodi, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini. Tunaziheshimu kazi hizo zote. Hata hivyo, wimbo wa kumbembeleza mtoto mgongoni haupandi jukwaani kwa urahisi, na mtoto asikiaye sauti iliyokusanywa na mgeni hajifunzi sawasawa na yule aliyetumwa kwenda kumwomba bibi yake aimbe.

Vifaa na utengenezaji

Moyo wa sanduku ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake hauzidi sana kadi ya benki. Iliundwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa nia ya kuwafundishia vijana elimu ya kompyuta. Toleo la 3 au la 4 latosha kabisa kwa kazi hii. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, lina nguvu zaidi, lakini halina tundu la kuchomekea waya wa spika, kwa hiyo hudai kifaa cha nyongeza. Kioo ni cha inchi 7, cha aina ile ile ya simu za kupangusa. Huunganishwa na kompyuta kwa utepe mwembamba wa waya, ambao usikunjwe kwa nguvu. Zaidi ya hivyo zahitajika kadi ndogo ya kumbukumbu, spika yenye kikuza sauti chake (tundu la kompyuta halina nguvu ya kuendesha spika tupu), na chanzo cha umeme wa volti 5.

Juu ya umeme tuseme kidogo zaidi, kwa sababu hapo ndipo masanduku mengi ya kujitengenezea huharibikia. Chaja ya simu ya kawaida haitoshi. Ikiwa umeme ni hafifu, alama ya radi ya manjano hutokea pembeni mwa kioo, na anayeipuuza atakuta kompyuta inajizima katikati ya wimbo. Tafuta chaja inayotoa ampea 2.5 hadi 3. Shule isiyo na umeme wa gridi yaweza kutumia betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola, pamoja na kipunguza volti. Wanachuo na wafanye hesabu wenyewe: betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, tukitumia nusu tu ili tusiiue betri, tunabaki na wati-saa 42, sanduku lenye kioo na spika ndogo linakula takriban wati 10, basi tunayo matumizi ya saa 4 hivi, yaani vipindi vya wiki nzima kama vimepangwa vizuri.

Hatari nyingine ni kukatika kwa umeme ghafla. Kompyuta ikizimwa kwa kung'olewa waya wakati inaandika jambo kwenye kadi, kadi yaweza kuharibika, na asubuhi sanduku lisiwake. Katika mipangilio ya mfumo wake kuna njia ya kuifanya kadi isomwe tu, isiandikwe. Njia hiyo itumike mara tu nyimbo zikishatiwa. Tena pawe na nakala ya kadi nzima kwa mwalimu mkuu.

Sanduku lenyewe ni kazi ya seremala wa kijijini, na ni vizuri watoto wa madarasa ya juu wapime na kuchora kabla mbao hazijakatwa. Plaiwudi nene yafaa. Matundu ya hewa yawe chini na juu, maana hewa ya moto hupanda, na yafunikwe kwa wavu mwembamba kuzuia wadudu. Kioo kiinamishwe kidogo kama meza ya kuandikia, kwa kimo cha kifua cha mtoto wa Darasa la I. Tumeona wanachuo wakikiweka kwa kimo chao wenyewe. Kosa hilo dogo humfanya mtoto asimame kwa ncha za vidole na kugusa asipokusudia.

Ukubwa wa kadi usitushughulishe sana. Sauti isiyobanwa huchukua karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Ikibanwa kwa kiasi cha kilobiti 128 kwa sekunde hushuka hadi karibu megabaiti 1. Hivyo gigabaiti 8 tu zilizoachwa kwa ajili ya nyimbo huingiza dakika zipatazo 8,000, nazo ni saa 133. Shule haihitaji saa 133 za nyimbo. Sisi tunapendekeza nyimbo 36.

Picha sita na foleni

Kwa nini 36? Kioo hiki kina nukta 800 kwa upana na 480 kwa urefu. Tukikigawa katika safu mbili za picha tatu tatu, kila picha hupata upana wa sentimita 5 hivi, nafasi inayotosha kidole cha mtoto bila kukosea. Picha sita za kwanza ni za mafungu. Mtoto agusapo fungu, picha sita za nyimbo hufunguka. Mfano wa mafungu yaliyotufaa ni kinu, jembe, mtoto mgongoni, mchezo wa watoto, ngoma, na ng'ombe. Fungu la mwisho liliongezwa kwa sababu shule za upande huu zina watoto wa Kimaasai pia. Picha zichorwe na wanafunzi kwenye karatasi, zipigwe kwa simu, ndipo zitiwe ndani. Asiyejua kusoma anachagua sawa na anayejua. Na chini ya kila picha neno liandikwe kwa herufi kubwa, ili jicho lizoee neno na kitu kwa pamoja. Katika Darasa la II tumeona watoto wakisoma "kinu" kwenye kioo majuma kadhaa kabla hawajafika kwenye neno hilo kitabuni.

Programu huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na haina urefu wa kutisha. Kila picha imefungwa na jina la faili. Kidole kikigusa, jina hilo huongezwa mwishoni mwa orodha. Wimbo unaopigwa ukiisha, programu huchukua jina lililo mwanzoni mwa orodha na kuupiga wimbo wake. Msomaji ataona kwamba tumekataa jambo moja linalofanyika katika simu zote: kugusa hakukatizi wimbo wa mwenzako. Ombi lako linakaa kwenye foleni. Tumelishikilia sharti hili kwa makusudi. Sanduku linaloruhusu kukatiza humfanya mtoto mwenye nguvu kuwa bwana wa darasa katika dakika tano za kwanza, na wale wanyonge hawasogei tena karibu. Foleni ikionekana ukingoni mwa kioo kwa picha ndogo ndogo, mtoto huona zamu yake inakuja, na ugomvi hupungua wenyewe.

Jambo dogo: kioo hiki huitambua ngozi ya kidole. Ukucha au kijiti hakifai, na mkono uliolowa humkanganya. Kitambaa kikavu kining'inie kando ya sanduku kwa ajili ya mikono yenye vumbi la chaki.

Nini kitiwe ndani

Nyimbo za kibandani zisiingizwe. Kando na jambo la malezi, zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Sheria hiyo hiyo inazitambua pia sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa, jambo linalosahauliwa na wengi wanaodhani kwamba wimbo wa kijiji ni wa kuokota.

Nyimbo zikusanywe na watoto wenyewe, wakiongozwa na mwanachuo. Simu ya kawaida yatosha kurekodi, ikiwekwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwimbaji, mahali pasipo na upepo wala kuku. Kila wimbo uandikwe katika Daftari la Nyimbo: namba, jina la wimbo, aliyeimba, kijiji, lugha, tarehe, na wimbo huo huimbwa wakati gani. Kabla ya kuwasha simu, watoto wamwulize mwimbaji maswali matatu. Je, watoto wote waruhusiwa kuusikia? Je, waweza kupigwa siku isiyo yake? Je, waweza kusikiwa na watu wa mbali?

Maswali haya si adabu tu. Katika matembezi moja karibu na Msata, watoto saba walikaa barazani kwa bibi mmoja mkwezi wa umri. Walimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni mkae." Aliwaimbia nyimbo tatu za kutwanga, akicheka kila aliposahau. Kisha mtoto mmoja wa kike akaomba ule wimbo uliosikika usiku dada yake alipotolewa uwalini. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Huo, mjukuu wangu, hauimbwi barazani, wala hauingii ndani ya simu." Mwanachuo aliyekuwa nao aliizima simu pale pale. Mtoto mwandishi akauliza aandike nini kwenye daftari, kwani namba nne alikwisha iandika. Akaambiwa aandike yaliyotokea. Mpaka leo mstari ule unasomeka: "Wimbo wa 4. Bibi amekataa."

Wako walimu watakaosema kwamba kwa hali hiyo nyimbo za unyago zitapotea, na kwamba afadhali zirekodiwe zifichwe. Hatukubaliani nao. Wimbo wa unyago una shule yake, walimu wake na siku yake. Shule ya msingi ikiuchukua na kuutia kwenye sanduku linalofunguliwa na kila kidole, wenye nao wataufunga mlango, na pamoja na huo tutakosa na zile za kutwanga. Tena mtoto aliyeona mwalimu wake akitii neno la bibi amejifunza kitu ambacho hakimo katika muhtasari wowote.

Mfano wa somo

Tuchukue Darasa la II lenye wanafunzi 72, idadi isiyo ya ajabu. Wagawe katika makundi 8 ya watoto 9. Nyimbo zikatwe ziwe na urefu wa dakika moja moja, maana zikiwa za dakika mbili makundi 8 yatamaliza dakika 16, na zaidi ya nusu ya kipindi cha nusu saa itakuwa imekwenda kwa kusikiliza tu. Kila kundi linapewa muda mfupi wa kushauriana. Kisha mjumbe wa kundi anasimama mbele ya sanduku, na kabla ya kugusa anasema kwa sauti: "Tumechagua kinu, kwa sababu..." Hapo ndipo penye kiini cha somo. Asiyetoa sababu hagusi. Mwanzoni sababu zitakuwa za "kwa sababu ni mzuri", mwalimu asizidharau, bali aulize, "Mzuri wapi? Mwanzo au mwisho? Sauti au maneno?" Baada ya majuma machache tumesikia mtoto akisema kwamba kundi lake limechagua wimbo fulani kwa kuwa mwitikio wake ni mfupi na wao wanataka kuitikia.

Wimbo wa kutwanga wafaa pia katika Kuhesabu. Watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja, michi hupishana: mmoja hushuka, mwingine hupanda. Nusu ya darasa na ipige mchi wa kwanza kwa makofi, nusu nyingine mchi wa pili, nanyi mhesabu 2, 4, 6, 8 bila kukatiza mwendo. Atakayekosea ataugonga mchi wa mwenzake, na darasa zima litajua bila mwalimu kusema neno.

Wimbo ukiwa wa lugha asiyoijua mwalimu, asione haya. Mtoto mwenye lugha hiyo asimame na kueleza kwa Kiswahili wimbo unasema nini. Mtoto wa Kimaasai ambaye mwezi mzima hakuinua mkono darasani amepata kusimama mbele ya wenzake 71 akiwa peke yake ajuaye.

Idadi ya chaguzi za kila wimbo iandikwe ubaoni kwa vijiti, na madarasa ya juu waichore kwa grafu. Ingewezekana programu ihesabu yenyewe, lakini tumekwisha kuifunga kadi isiandikwe, na vilevile hatuoni faida ya mashine kumfanyia mtoto hesabu anayopaswa kuifanya mwenyewe.

Kuta za madarasa mengi hazifiki darini, kwa hiyo kitufe cha sauti kitiwe alama ya rangi nyekundu isiyovukwa.

Kuhusu vishikwambi

Wanachuo watauliza kama kishikwambi hakiwezi kufanya kazi hii. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, kwa hiyo vioo vya kugusa vimekwisha ingia shuleni hata pale pasipo na kompyuta. Chaweza, na shule isiyo na fedha ya kununua vifaa tulivyovitaja ianze nacho: kishikilizwe kwenye fremu ya mbao, kiunganishwe na spika, nyimbo zipangwe katika mafungu yale yale sita. Ila ni mali ya Serikali. Kisifunguliwe wala kutobolewa. Na kina udhaifu mmoja wa kiutaratibu: jioni huondoka na mwalimu wake, na akihamishwa, nyimbo za watoto huhama naye. Kwa sababu hiyo nakala ya nyimbo zote ibaki kwenye flashi ya shule pamoja na Daftari la Nyimbo.

Sanduku lisifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu likingoja wageni. Likae darasani, funguo wa chumba ukiwa kwa mwalimu wa zamu, na kundi moja la watoto lipewe kazi ya kulifuta vumbi, kuchaji betri na kulizima kwa kitufe chake kabla ya kung'oa waya. Kila mwisho wa muhula mwanachuo au mwalimu wa darasa arudi na watoto kwa wale walioimba, awasikilizishe nyimbo zao, na kuwauliza kama bado wanaridhia. Aliyebadili nia wimbo wake utolewe. Aliyefariki, waulizwe watoto wake, na jibu lao liandikwe katika daftari, kwenye mstari wa wimbo huo, pamoja na tarehe.